Gari linalolia na kubugia mafuta kwenye baridi kali: anza kuchunguza hapa

Gari likilala nje usiku wenye baridi ya -10°C au zaidi, asubuhi mambo mawili hujitokeza kwa pamoja: linatoa milio ambayo jana mchana haikuwepo, na mshale wa mafuta unashuka upesi kuliko ulivyozoea. Wenye magari wengi huyapeleka kwa fundi kama magonjwa mawili. Mara nyingi mzizi ni mmoja, nao ni injini inayochelewa kupata moto au isiyoupata kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kununua spea yoyote, tafuta saa na daftari. Kwa siku nne au tano andika joto la nje, kelele ilidumu muda gani, na injini ilichukua dakika ngapi kufika kwenye joto lake la kawaida. Kelele inayokwisha baada ya sekunde tatu, inayokwisha baada ya dakika kumi na isiyokwisha kabisa zina vyanzo tofauti hata kama masikioni zinafanana. Fundi akipewa maelezo hayo hana haja ya kubahatisha.

Tuanze na sekunde za kwanza. Gari likilala, oili hushuka yote chini, na kwenye baridi huwa nzito. Pampu inapoanza kuivuta, tapeti (vipande vinavyosukuma valvu) hugonga kidogo mpaka zijae oili. Mlio huo ukiisha ndani ya sekunde mbili au tatu, usiusumbukie. Ukizidi sekunde tano, au ukisikia mkwaruzo wa cheni ya taimingi upande wa mbele wa injini, chomoa kijiti cha oili kwanza. Kiwango kikiwa sawa, tazama fulta (kichujio cha oili): ndani yake kuna vali ya mpira inayozuia oili isirudi chini usiku, na kwenye fulta duni mpira huo hukakamaa ukashindwa kuziba. Fulta nzuri na oili sahihi visipoondoa mkwaruzo, tensiona ya cheni, yaani kifaa kinachoikaza, imechoka. Hiyo haingojewi, kwa sababu cheni ikiruka meno, kwenye injini nyingi valvu hugongana na pistoni.

Oili sahihi husomwa kwenye namba iliyo kabla ya herufi W. Uwezo wa oili kuruhusu stata izungushe injini hupimwa kwenye -20°C kwa 15W, -25°C kwa 10W, -30°C kwa 5W na -35°C kwa 0W. Hiyo ni mipaka ya mwisho, wala si mahali pa raha. Kwenye -10°C, 15W bado itatembea lakini inakokota injini, na mkokoto huo unalipiwa kwa petroli. Namba ya pili, kama 20 au 30, inahusu injini ikiwa moto. Usiibadilishe kwa kukisia, fuata kitabu cha gari.

Kelele za dakika kadhaa zinahitaji sikio zaidi. Pistoni za alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, hivyo zikiwa baridi zinalegea kidogo ndani ya silinda na kugonga ukuta kwa sauti nzito, butu. Joto likipanda sauti inafifia. Gari lenye tabia hiyo linaweza kwenda miaka mingi. Lakini kuna mlio mwingine unaofifia vilevile kwa joto: tik-tik kali inayoharakisha ukikanyaga mafuta. Huo mara nyingi ni moshi unaovuja kwenye manifoldi ya ekzosi, pale ambapo gasketi imeungua au bolti imekatika. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba pengo. Tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye maungio injini ikiwa baridi. Uvujaji huu unaathiri pia matumizi ya mafuta. Hewa ya nje ikiingia kabla ya sensa ya oksijeni, kompyuta ya injini hudhani mafuta ni machache na kuongeza mengine.

Kanuni ya haraka: mlio wa kugonga unaopungua injini inapopata moto ni wa nafasi kati ya vyuma. Mlio wa kugonga unaoongezeka oili inapokuwa nyepesi unaashiria beringi za kranki, na hapo zima injini, usiendeshe hata kwenda gereji.

Mkanda wa alteneta hulia sana asubuhi kwa sababu ya betri. Kuwasha gari kwenye baridi kunanyonya betri, kisha alteneta inafanya kazi nzito kuirudisha huku mpira wa mkanda ukiwa mgumu na wenye unyevu. Pima betri baada ya gari kulala: volti 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni kama nusu. Betri chovu itausumbua mkanda na kula petroli kila asubuhi. Betri ikiwa nzima na mkanda bado unalia, nyunyizia maji kidogo upande wenye mistari injini ikinguruma, mikono na nguo zikiwa mbali, mahali ambapo maji hayataganda. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi, puli hazijalingana. Ukiongezeka, mkanda umelegea na tensiona ndiyo ya kuangaliwa. Dawa za kupuliza mkanda usinunue. Zinanasa uchafu na kuficha ugonjwa.

Chini ya gari, bushi za stabilaiza hukakamaa na kukwaruza kwenye matuta. Zipake mafuta ya silikoni, kamwe si grisi ya kawaida, maana mafuta ya petroli huvimbisha mpira. Pawa stelingi inayonguruma kwa dakika moja haina neno. Ikiendelea, fungua kifuniko: mafuta yenye povu yanaonyesha kuwa hewa inaingia kupitia mpira uliosinyaa. Diski za breki zenye kutu nyembamba hukwaruza kwa breki chache za kwanza, basi. Na gari likianza kutetemeka baada ya kupita kwenye theluji, toa barafu iliyoganda ndani ya rimu kabla ya kulipia balansi.

Sasa mafuta. Kupungua kiasi fulani ni kawaida, na ni vizuri kujua kiasi gani ili usifukuze ugonjwa usiokuwepo. Takwimu za Wizara ya Nishati ya Marekani zinaonyesha kuwa gari la petroli mjini, kwenye -7°C, hupoteza takriban asilimia 15 ya umbali wake kwa lita likilinganishwa na 25°C, na kwenye safari fupi za kilomita 5 au 6 hasara hufikia asilimia 24. Magari ya haibridi hupoteza zaidi, asilimia 30 hadi 34. Yaani gari la kilomita 12 kwa lita kushuka hadi 10 si ugonjwa. Likishuka hadi 7, tafuta.

Sababu za hasara hiyo ya kawaida ziko nyingi na kila moja ina mchango wake. Petroli baridi haigeuki mvuke vizuri, hivyo kompyuta inapuliza zaidi mpaka injini ipate moto. Mafuta ya giaboksi ni mazito, na gia za otomatiki huchelewa kufunga kigeuza-nguvu chake (kiungo kati ya injini na giaboksi). Hewa ya -7°C ni nzito kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya 25°C, kwa hiyo inalisukuma gari nyuma barabara kuu. Ukiweka hewa ya kufuta ukungu kwenye kioo, kompresa ya AC nayo mara nyingi huwaka, hata kama unataka joto tu.

Hasara isiyo ya kawaida mara nyingi inatoka kwenye themostati iliyokwama wazi, nami ningeitazama kabla ya plagi na kabla ya sensa ya oksijeni. Themostati nyingi hufunguka kati ya 82 na 95°C. Ikikaa wazi, maji yanapita kwenye rejeta tangu mwanzo, injini haifiki joto lake, na kompyuta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Dalili zake ni hita ya uvuguvugu na mshale wa joto unaopanda mjini kisha kushuka ukikimbia barabara kuu. Wakati mwingine taa ya injini huwaka na msimbo wa hitilafu P0128. Kupima ni rahisi. Injini ikiwa baridi, washa na ushike mpira wa juu wa rejeta, mbali na feni. Unapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto ghafla. Ukianza kupata vuguvugu tangu dakika za mwanzo, themostati ni mbovu.

Ukiibadilisha, weka gasketi mpya, jaza kizuia-baridi nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi (mchanganyiko huo hugandia kwenye -37°C hivi), kisha toa hewa yote. Hewa iliyobaki hutoa sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi, na watu huhangaika wiki nzima kuitafuta. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto.

Themostati ikiwa nzima, chomeka kisomaji cha kompyuta ya gari kabla ya kuwasha gari lililolala usiku kucha. Joto la maji na joto la hewa inayoingia vinapaswa kukaribiana. Tofauti ikizidi nyuzi 5 na hukutumia hita ya kupashia injini, sensa mojawapo inadanganya.

Matairi hupoteza takriban psi 1 ya upepo kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoshuka. Tairi lililojazwa psi 33 kwenye 20°C litakuwa karibu na 28 kwenye -10°C. Pima gari likiwa limesimama saa 3 au zaidi. Baada ya kuendesha kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko zote, pini za kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) zimekwama na breki inakokota.

Kupasha injini gari likiwa limesimama, sekunde 30 hadi dakika moja zinatosha baada ya kukwangua vioo. Ikinguruma dakika 15 unachoma petroli bila kwenda popote, na bado giaboksi na matairi vitabaki baridi. Ondoka taratibu bila kuisukuma injini, itapata moto upesi zaidi. Kama gari lina hita ya umeme ya injini, weka taima iiwashe saa 2 kabla ya kuondoka, si usiku kucha. Matumizi yapime kwa kujaza tangi hadi pampu ikatike, mara tatu mfululizo, ukigawa kilomita kwa lita.

Kwa gari la safari fupi tu, nusa kijiti cha oili kila baada ya wiki mbili. Oili ikinuka petroli au kiwango kikipanda chenyewe, petroli isiyoungua imeingia humo: badilisha mapema kuliko ratiba, na mara moja kwa wiki liendeshe nusu saa likiwa na moto kamili ili unyevu na petroli vitoke. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake ni unyevu tu. Ukiuona kwenye kijiti pia, na maji ya rejeta yanapungua, peleka gari likapimwe gasketi ya silinda hedi kabla halijawashwa tena.