Ukiitwa kwenye kampeni ya mchujo, njoo na daftari la majina

Vijana wawili wa jumuiya yetu hapa Des Moines, jimboni Iowa, Marekani, mmoja mzaliwa wa Bukavu na mwingine wa Mombasa, wamenijia na swali moja. Wanataka kufanya kazi kwenye kampeni za mchujo wa urais wa 2028, yaani kura za jimbo kwa jimbo ambazo kila chama humchagulia mgombea wake, na hawajui waanzie wapi. Nimewajibu kwa mdomo, lakini jambo lenyewe ni pana, na najua hawako peke yao.

Mimi niliajiriwa kuwa mratibu wa mashinani hapa Iowa msimu wa 2019 hadi 2020. Mgombea wangu sitamtaja. Iowa ina kaunti 99, nami nilipewa tatu za mashambani, ambako unaendesha gari nusu saa kati ya mahindi kwenda kunywa kahawa na mtu mmoja.

Miezi ya mwanzo tulikimbizana na majina makubwa. Mbunge mmoja mstaafu wa bunge la jimbo alikubali kumuunga mkono mgombea wetu. Tamko likatolewa, picha zikapigwa, ofisi nzima ikashangilia. Kisha wiki tano zikapita bila mtu yeyote kumpigia simu. Nilipofika kwake hatimaye, aliniuliza kama tulitaka jina lake au tulimtaka yeye. Mzee alikuwa tayari kuzunguka na gari lake nyumba kwa nyumba, ila hakuna aliyemwomba. Kufikia siku hiyo majirani zake wengi walishajaza kadi za kuahidi kumuunga mkono mgombea mwingine. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu kazi ile ilikuwa yangu.

Tangu hapo naamini kwamba kuajiri watu wa jimbo na kutafuta wa kumuunga mkono mgombea ni kazi moja. Kampeni nyingi huitenga: mkurugenzi wa siasa anakusanya majina ya wakubwa, mkurugenzi wa mashinani anakusanya wapiga kura, na wawili hao hukutana kwenye kikao cha Jumatatu tu. Tamko lisitoke kabla mratibu wa kaunti ile hajakaa na huyo anayetuunga mkono wakakubaliana atawapigia simu akina nani kwa sauti yake mwenyewe, jioni gani atafungua sebule yake, na kama usiku wa mchujo atasimama kituoni kwake.

Historia ya karibu inatoa mifano ya pande zote. Desemba 2003 Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais, alimuunga mkono Howard Dean, aliyetafuta tiketi ya urais ya chama cha Democratic, na Januari Seneta Tom Harkin wa hapa hapa Iowa akafuata. Dean alikuwa pia na maelfu ya vijana wa kujitolea waliokuja kutoka majimbo mengine, wamevaa kofia za rangi ya chungwa. Akamaliza wa tatu hapa Iowa kwa asilimia 18 hivi. Mwenye nyumba wa Iowa alipigiwa hodi na mgeni asiyemjua, akimsifia mgombea kwa lafudhi ya mbali.

Upande wa pili ni Jim Clyburn, mbunge wa Democratic kutoka South Carolina. Kwenye mchujo wa 2020 Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire. Clyburn alitangaza kumuunga mkono tarehe 26 Februari 2020, siku tatu kabla ya kura, na Biden akashinda kwa karibu asilimia 49. Clyburn amekuwa mbunge wa watu wale tangu 1993. Neno lake liliwakuta watu waliokuwa wakimsikiliza miaka yote hiyo, na Biden naye hakuwa mgeni kwao.

Kuna watakaosema Biden alishinda Massachusetts siku chache baadaye bila kufanya kampeni ya maana pale, kwa hiyo wafanyakazi wa jimbo hawana kazi. Ni kweli alishinda hivyo, ila ule ulikuwa upepo, na upepo huwezi kuupanga mwaka mmoja kabla. Wala fedha hazinunui upepo: mwaka huo huo bilionea Michael Bloomberg aliajiri watu zaidi ya 2,000, akatumia zaidi ya dola bilioni moja, na akashinda American Samoa tu, visiwa vidogo vya Marekani kwenye Pasifiki.

Mtu aliyeniokoa mimi alikuwa mwalimu mstaafu wa kike ambaye jina lake halikuandikwa kwenye gazeti lolote. Alikuwa na daftari la shule lenye majina ya watu aliowafundisha na wazazi wao. Tulikaa mezani kwake jioni nne, yeye akipiga simu, mimi nikiandika. Usiku wa tarehe 3 Februari 2020, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, walikuja watu 80. Mchujo wetu ulikuwa mkutano, watu wakisimama makundi makundi kwa mgombea wao. Pale kundi la mgombea lilihitaji asilimia 15 ili lihesabiwe, yaani watu 12, na likikosa, watu wake walihamia kwingine au walirudi nyumbani. Tulikuwa 13. Tisa walitoka kwenye daftari lile.

Kwa hiyo atakayewapigia simu, muulizeni ni nani mkurugenzi wa jimbo na ameishi hapa muda gani. Muulizeni pia ni nani anayeshughulikia sheria za kuingia kwenye karatasi ya kura, maana kila jimbo lina masharti yake. Mwaka 2012 Virginia ilidai saini 10,000, zikiwemo 400 kutoka kila wilaya ya ubunge. Newt Gingrich na Rick Perry, wagombea wa chama cha Republican, hawakutimiza, na majina yao hayakuwepo kwenye kura.

Neno kuhusu makanisa yetu. Mtaambiwa mlete mchungaji. Mchungaji anaweza kumuunga mkono mgombea kama raia, kwa jina lake. Kanisa lisilolipa kodi ni jambo jingine, maana sheria ya 1954 inalizuia kufanya kampeni ya mgombea. Msimponze mzee wa watu kwa ajili ya picha moja.

Na hati zenu zitazameni vizuri. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kuajiriwa na kampeni na kuchangia fedha, ila kupiga kura ni kwa raia tu. Aliye na viza ya masomo anaweza kujitolea bila malipo, lakini asichangie hata dola moja wala asiingie kwenye maamuzi ya kampeni.

Wa Bukavu ameshapata uraia, wa Mombasa ana green card. Nimewaambia waje kwangu Jumamosi, kila mmoja na daftari tupu, tuanze na majina ya watu ambao wakipigiwa simu nao saa mbili usiku watapokea.