Adam Smith Hakuhubiri Tamaa: Maswali ya Wasomaji

Makala yetu kuhusu Adam Smith, Mskoti anayeitwa baba wa uchumi wa kiklasiki, imeleta maswali mengi. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu leo.

Shuleni tulifundishwa kwamba Smith aliona tamaa ni jambo jema, kwa sababu ndiyo inayosukuma biashara. Ni kweli? (Mwanafunzi, Dodoma)

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo, maana majibu mengine yote yanategemea hili. Kuanzia 1752 Smith alisomesha falsafa ya maadili Chuo Kikuu cha Glasgow, nafasi iliyowahi kushikwa na mwalimu wake mwenyewe, Francis Hutcheson. Kitabu chake cha kwanza, *Nadharia ya Hisia za Maadili*, kilitoka 1759. *Utajiri wa Mataifa* ulifuata 1776. Na kile cha kwanza kinafungua kwa kusema kwamba mtu hata awe mbinafsi namna gani, kuna kitu katika maumbile yake kinachomfanya ayajali mambo ya wenzake, afurahi wakifanikiwa, ingawa yeye hapati chochote.

Aliyesifu tamaa ni Bernard Mandeville, daktari Mholanzi aliyehamia London, aliyedai kuwa maovu ya mtu mmoja mmoja huzaa manufaa ya umma. Smith alimpinga kwa ukali katika kitabu hichohicho cha 1759. Ni kweli aliandika kwamba muuza nyama na mwoka mikate hawatupi chakula kwa hisani, bali kwa kuangalia faida yao. Lakini kujitafutia riziki ni jambo moja na kumdhulumu mwenzio ni jingine kabisa. Katika mbio za kutafuta mali, anasema, kimbia kwa nguvu zako zote. Ukimsukuma mwenzio au kumwangusha, watazamaji hawatakuvumilia tena. Mtazamaji huyo, asiyependelea upande, Smith anamweka pia ndani ya kila mmoja wetu, atuhukumu hata tukiwa peke yetu. Jamii inaweza kuishi bila ukarimu mwingi, anasema, lakini haki ikiondoka, yote huporomoka. Anayemnukuu mwoka mikate na kuiacha haki amemsoma nusu.

Basi “mkono usioonekana” ni nini? (Msomaji, Mombasa)

Ni maneno machache yaliyokuzwa sana. Katika *Utajiri wa Mataifa* yanatokea mara moja tu, akimzungumzia mfanyabiashara anayependa kuweka mtaji wake nchini mwake kwa kuogopa hatari za mbali, na kwa kufanya hivyo akainufaisha nchi bila kukusudia. Smith hakusema kwamba kila anachofanya mwenye mtaji kinatufaa sote. Kuhusu wafanyabiashara wa fani moja aliandika kwamba ni nadra wakutane, hata kwa sherehe, mazungumzo yao yasiishie kwenye njama dhidi ya umma au mbinu ya kupandisha bei.

Huku kwetu mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa mno, inamaliza watu. Watetezi wake wanasema soko huria lisiingiliwe. Smith angesema nini? (Msomaji, Mwanza)

Siwezi kumsemea marehemu, ila aliyoyaandika yapo. Sheria ya Uingereza wakati wake iliweka ukomo wa riba kuwa asilimia 5 kwa mwaka, naye aliuunga mkono. Hoja yake: riba ikiruhusiwa kufika asilimia 8 au 10, fedha nyingi zitakwenda kwa wafujaji na wabuni wa miradi ya ndoto, kwa kuwa wao tu ndio watakaokubali kulipa kiasi hicho. Alitaka ukomo uwe juu kidogo ya bei ya kawaida ya soko, ili mkopaji mwaminifu asikose mkopo.

Aliyempinga ni mwanafalsafa Mwingereza, Jeremy Bentham, katika kitabu cha kutetea riba kilichotoka 1787. Kwa Bentham, mtu mzima mwenye akili timamu aachwe akope kwa masharti anayoyakubali. Hapo utaona wanafalsafa hao hawakuwa na sauti moja. Mimi niko na Smith. Mtu anayekopa usiku kwa sababu mtoto anaumwa hana uhuru ule Bentham aliouwazia.

Je, aliwajali maskini na wafanyakazi? (Msomaji, Kisumu)

Sana. Aliandika kwamba hakuna jamii inayoweza kustawi na kuwa na furaha ikiwa walio wengi ni fukara. Alisema waajiri, kila mahali na kila wakati, wana maelewano ya kimyakimya ya kutopandisha ujira. Tena, hakuhesabu mahitaji kwa chakula peke yake: shati la kitani si la lazima ili mtu aishi, lakini kibarua wa Ulaya ya siku zake angeona haya kutoka mbele za watu bila hilo, kwa hiyo akalihesabu kuwa hitaji. Kutembea bila aibu ni sehemu ya riziki.

Na utumwa? (Msomaji, Zanzibar)

Glasgow alipofundisha ilikuwa ikitajirika kwa tumbaku iliyolimwa na watumwa huko Virginia, Amerika. Hata hivyo aliandika mwaka 1759 kwamba Mwafrika aliyetekwa pwani ana ukuu wa moyo ambao bwana wake mara nyingi hawezi hata kuuwaza. Mwaka 1776 akaongeza hoja ya hesabu: kazi ya mtumwa, mwishowe, ni ghali kuliko zote. Kwa nini basi iliendelea? Kwa sababu kiburi cha mtu humfanya apende kutawala wenzake. Hata faida haikutosha kuushinda ukatili huo.

Nianze kusoma wapi? (Msomaji, Kampala)

Anza na kitabu cha 1759, toleo la sita, alilolikamilisha kabla hajafariki Julai 1790. Humo aliongeza sura fupi kuhusu jinsi kuwatukuza matajiri na kuwadharau maskini kunavyoharibu maadili yetu. Ukikimaliza kitabu hicho ndipo ufungue *Utajiri wa Mataifa*, uanze na sura ya ujira.