Kabureta ya midomo miwili kwenye Land Rover ya baba

SWALI: Shikamoo Fundi. Baba ameniachia Land Rover Series III ya petroli, injini ya 2.25. Naizungushia hapa Lindi, na mara moja kwa wiki nashuka nayo Mtwara. Kabureta yake ya Zenith inakunywa mafuta vibaya na kwenye silensa, yaani likisimama injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, gari linatetemeka. Rafiki yangu ana kabureta ya midomo miwili iliyotoka kwenye gari kubwa, anasema nikiifunga litapaa. Niichukue? – Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiichukue.

Nikiwa bado kijana hapa Mtwara nilifunga kabureta ya namna hiyo kwenye Land Rover ya mteja, nikaenda kuijaribu kwenye mlima wa Mikindani. Kila nikikanyaga mafuta gari lilibana pumzi, likakohoa, ndipo likaondoka. Plagi nilizifungua nyeusi kama chungu cha kuni. Yule mzee nilimrudishia pesa yake yote.

Petroli huvutwa na upepo unaopita kwenye koo la kabureta. Koo likiwa pana kuliko pumzi ya injini, upepo hulegea, na petroli hutoka matonematone badala ya ukungu. Injini yako ina sentimita za ujazo 2,286. Hata ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, mwendo ambao barabarani utaufikia kwa nadra, haiwezi kuvuta zaidi ya lita 4,572 za hewa, maana kila silinda hunyonya mara moja katika mizunguko miwili. Mdomo mmoja unatosha kabisa.

Tena Zenith yako huenda haijafa. Kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto, na kiringi cha mpira kilicho chini yake huchakaa, basi petroli inapita pasipo njia yake. Tandika msasa laini juu ya kioo, mwagia maji, sugua kifuniko taratibu kwa kukizungusha mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Weka kiringi kipya. Kisha shika ule mhimili wa kibati cha kooni, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta, utikise kwa vidole. Ukicheza sana, hewa inaingia pembeni, na hapo hakuna skrubu itakayokutulizia silensa.

Hapo ndipo utafute kabureta ya Weber 34 ICH, ya mdomo mmoja wa milimita 34. Nguvu itapungua kidogo ukikimbia sana, lakini ni rahisi kuiseti. Hakikisha jeti zake, vile vitundu vinavyopima petroli, ni za injini hii, kwani Weber hiyo hufungwa kwenye magari mengine pia. Na kama imetoka Mbeya au Iringa, uliza: huko juu hewa ni nyepesi, mafundi hupunguza jeti. Huku kwetu pwani itakuwa na njaa na injini itachemka.

Ukishafunga, endesha mpaka Mingoyo, simama kando, subiri ipoe, fungua plagi. Nyeupe, mafuta hayatoshi. Nyeusi ya masizi, yamezidi. Mimi nataka rangi ya korosho iliyokaangwa. Niandikie umeona ipi.