Boti imekamilika, mashine haijafika

SWALI: Ndugu mshauri, sisi ni kikundi cha wavuvi wanane wa Kilwa Masoko. Mwezi wa sita tuliagiza boti ya faiba ya mita 8 pamoja na mashine ya kupachika ya nguvu farasi 40, ya mipigo miwili, vyote kwa bei moja. Tulilipa asilimia 70 tukaahidiwa kukabidhiwa ndani ya miezi mitatu. Boti imekamilika, lakini kila tukiulizia mashine tunajibiwa kwamba meli zimechelewa kwa sababu ya Bahari ya Shamu. Sasa muuzaji anataka tumalizie asilimia 30 na kuchukua boti, mashine ifuate baadaye, au tukubali mashine nyingine aliyonayo dukani. Kaskazi inakaribia, na sehemu ya fedha hizo ni mkopo. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu zangu wa Kilwa, msimalizie malipo, wala msisaini karatasi yoyote inayosema mmepokea boti na mashine kabla mashine yenyewe haijawekwa mbele yenu. Hiyo asilimia 30 ndiyo kamba pekee mliyobaki nayo mkononi, na mkiiachia leo mtakuwa na boti nzuri iliyopandishwa ufukweni huku marejesho ya mkopo yakidaiwa kila mwezi.

Nianze na hiyo Bahari ya Shamu. Ni kweli kwamba kuanzia mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi za makontena ziliacha njia hiyo kwa sababu ya mashambulizi, zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzunguko huo mrefu ulivuruga ratiba za meli na upatikanaji wa makontena hata kwenye njia nyingine. Lakini mashine inayotoka Japani kuja Dar es Salaam haina haja ya kupita Bahari ya Shamu. Inavuka Bahari ya Hindi, mara nyingi baada ya kubadilishiwa meli katika bandari ya kati kama Singapore. Kwa hiyo jibu mlilopewa halitoshi. Mwombeni muuzaji nambari ya hati ya shehena, yaani ile karatasi ambayo kampuni ya meli hutoa inapopokea mzigo, kwa kuwa kampuni kubwa za meli huruhusu mtu yeyote kuifuatilia nambari hiyo katika tovuti zao, nanyi mtajua siku hiyohiyo kontena limefika wapi. Akishindwa kuitoa, yaelekea mashine yenu haijapakiwa, na pengine hata kuagizwa haijaagizwa.

Uhaba wa mashine wenyewe una sababu za kweli. Watengenezaji wakubwa wa mashine hizi duniani ni wachache: Yamaha, Suzuki, Tohatsu na Honda ni wa Japani, Mercury ni ya Marekani, na vipo viwanda vya China vinavyozidi kuingia sokoni. Evinrude, chapa nyingine ya mashine hizi, ilisitisha uzalishaji mwaka 2020, mwaka uleule ambao viwanda vingi vilifungwa kwa sababu ya korona ilhali watu wa Marekani wakikimbilia kununua boti za mapumziko. Tena mashine mnayoitaka ninyi, ile ya kabureta tunayoichanganyia oili kwenye petroli na ambayo kila fundi wa pwani ameizoea, haiuzwi tena ikiwa mpya Marekani na Ulaya kwa sababu ya sheria za moshi. Hutengenezwa kwa ajili ya masoko kama yetu, na huletwa kwa mafungu, kiasi kwamba aliyekosa fungu hili hana budi kungoja fungu lijalo. Muuzaji mwaminifu humweleza mteja jambo hilo kabla ya kupokea arbuni, na kwa hili sioni namna ya kumtetea muuzaji wenu.

Kuhusu ile mashine nyingine, kabla hamjaikubali chukueni tepu mpime kimo cha tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, kuanzia ukingo wa juu inapokaa mashine hadi chini kabisa ya boti. Shafti ya mashine huja kwa urefu wa takriban sentimita 38, 51 au 64, na kile kibapa kilicho juu ya pangaboi kinapaswa kuwa karibu sawasawa na sehemu ya chini ya boti. Niliwahi kushuhudia wavuvi waliochoka kusubiri wakapokea mashine ya shafti fupi kwenye boti iliyotengenezewa shafti ndefu. Siku ya kuijaribu mashine ilinguruma, pangaboi likachapa povu na hewa, na boti ikawa inajikokota palepale mbele ya watu waliokuja kuishangilia. Iliwabidi waikate tezi kwa msumeno na kuifunika upya kwa faiba, kazi ambayo haikuwamo katika bajeti yao. Ikiwa mashine hiyo ni ya mipigo minne, haitachanganyiwa oili na itawapunguzia matumizi ya petroli, lakini ni nzito zaidi, nanyi mnapaswa kujua kwanza kama kuna fundi na spea zake Kilwa.

Mwandikieni muuzaji barua, msitegemee simu. Itajeni tarehe ya mwisho mnayoikubali, mwelezeni kwamba mashine inahitajika kwa msimu wa kaskazi, na mbaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pale ambapo muda ni kiini cha makubaliano, upande uliokoseshewa unaweza kuuvunja mkataba na kudai fidia, na maandishi ndiyo yatakayoonyesha kwamba muda ulikuwa na uzito huo. Mkiamua kuichukua boti sasa, hati iandikwe "boti bila mashine", na bei ya kila kimoja itenganishwe.

Kwa wasomaji ambao bado hawajaagiza, nawasihi waanze na mashine. Boti ya faiba hutengenezwa hapahapa, na fundi anaweza kuianza mashine ikiwa tayari imefungiwa stoo, tena akaikata tezi kulingana na shafti anayoiona kwa macho.

Siku mashine itakapofika, kasha lifunguliwe mbele yenu, na nambari iliyo kwenye kibati cha mabano ya kupachikia isomwe kwa sauti na kulinganishwa na ile ya risiti ya EFD. Iwashwe ndani ya pipa la maji mpaka mwone maji ya kupoza yakitoka kwa nguvu. Kadi ya dhamana nayo iandikwe tarehe ya siku hiyo, wala si ya mwezi wa sita mlipolipa, ili msije mkahesabiwa miezi ambayo mashine hamkuwa nayo.