Kotisoli yako ni 112? Niambie kwanza ulitolewa damu saa ngapi

SWALI: Habari ya kazi dada. Niko na meza ya mitumba Gikomba na huwa naamka saa tisa usiku juu bale zikifunguliwa kama sijafika kamera zote, zile nguo kali za kwanza, zinaenda. Sasa kwa miezi kama minne hivi uso umejaa, umekuwa mviringo kama chapati, lakini mikono na miguu imebaki myembamba, na ngazi za kwetu ghorofa ya pili lazima nipumzike katikati. Binti yangu akanionyesha video kwa simu, ati huo ni uso wa kotisoli, ile homoni ya stresi. Nikapitia labu moja nikishafunga kazi, kama saa kumi na moja jioni, majibu ni 112, kwa nanomoli kwa lita, na kando wameandika kawaida ni 140 mpaka 690. Mbona iko chini na video ilisema itakuwa juu? Na siku hizi nikigongwa kidogo tu naachwa na alama nyeusi, sijui kama ni hii krimu ya kung'arisha jirani ananiuzia. Nisaidie. – Mama Mitumba

JIBU: Mama, pole kwanza. Sasa chukua hiyo karatasi uangalie kama wameandika saa uliyotolewa damu. Mimi nimekaa kwa benchi ya labu miaka mingi na hiki ndicho kitu kilikuwa kinanikera kuliko sindano zilizopinda, mtu analetewa namba ya kotisoli bila saa, ni kama kuambiwa nauli ya matatu ni shilingi mia bila kuambiwa ni ya kwenda wapi ama kama mvua ilikuwa inanyesha.

Kotisoli inatengenezwa na vitezi viwili vidogo vimekaa juu ya figo, vinaitwa adrenali, na vinangoja amri kutoka kwa ubongo. Kazi yake ni kukuamsha, kupandisha sukari kwa damu na kushikilia presha isianguke, kwa hivyo inaanza kupanda ukiwa bado umelala, inafika juu kabisa karibu na wakati wa kuamka, halafu inashuka siku nzima mpaka usiku wa manane inakuwa kidogo sana. Hiyo 140 mpaka 690 ni ya asubuhi, ya damu iliyotolewa kama saa mbili. Jioni mtu mzima wa afya anaweza kuwa na nusu yake ama chini ya hapo. So 112 yako ya saa kumi na moja peke yake haisemi uko chini, na haisemi uko sawa pia. Na wewe unaamka saa tisa usiku, ikifika saa mbili mwili wako ushafanya kazi masaa matano, hiyo pia daktari aambiwe.

Lakini mama, kitu kimenishtua kwa barua yako si namba, ni hiyo krimu umeitaja mwisho kama mtu aliyekumbuka chumvi.

Krimu nyingi za kujichubua zinazouzwa bila maelezo, hasa zile za kuchanganywa kwa mkebe, huwa zimetiwa steroidi kali, klobetasoli ama betamethasoni. Hizi ni binamu za kotisoli, zenye nguvu kuishinda mara nyingi. Ukipaka mwili mzima kila siku kwa miezi zinaingia kwa damu, uso unajaa, ngozi inakuwa nyembamba inachubuka kwa kugongwa tu, nguvu za mapaja zinaisha. Na ubongo ukiona steroidi imejaa unaambia adrenali zikae chini zipumzike. Mashine ya labu inapima kotisoli yako mwenyewe, haioni hiyo ya krimu, ndiyo unapata uso wa mtu mwenye kotisoli nyingi na karatasi ya mtu mwenye kidogo. Si lazima iwe ndiyo shida yako, ila mimi ningeanzia hapo.

Na usiitupe leo kwa hasira tafadhali! Tezi zikishalala hazishtuki mara moja, ukiacha ghafla unaweza kutapika, presha ikaanguka, ukazimia, na watu wamekufa hivyo. Beba mkebe wenyewe, hata kama hauna lebo, uende kwa daktari wiki hii, na ukianza kutapika ama kizunguzungu usingoje miadi, ni emajensi. Atakupima damu ya asubuhi. Ikiwa chini ya 100 hivi ni shida ya kweli, ikipita 400 hivi roho inatulia, hapo katikati unadungwa homoni inayoamrisha adrenali, mikrogramu 250, halafu unatolewa damu tena baada ya nusu saa na baada ya saa moja waone kama zimeamka.

Kama daktari angeshuku kotisoli yako mwenyewe ndiyo nyingi, ule ugonjwa unaitwa Cushing, hapo vipimo ni vingine kabisa. Kuna kupima kotisoli kwa mate ya usiku wa manane, kuna kidonge cha deksamethasoni miligramu 1 unameza saa tano usiku na asubuhi kotisoli inafaa iwe imeshuka chini ya 50, na kuna mkojo wa masaa 24, ambao watu wengi huuharibu juu hawaelezwi: mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwaga chooni na kuandika saa, halafu kila tone baada ya hapo linaingia kwa jeriken mpaka ule wa kwanza wa kesho yake. Ukisahau mara moja tu kwa choo cha soko, anza upya.

SWALI: Mimi ni soja wa usiku Industrial Area, nimeambiwa nilete mate ya saa sita usiku. Ni sawa? – Soja

JIBU: Si sawa ndugu yangu, saa sita yako ni saa sita mchana ya wenzako. Mwambie daktari unalala saa ngapi, kuna uwezekano akubadilishie kwa kile kidonge. Na kama unameza prednisoloni ya pumu sema pia, kuna mashine zinaihesabu kama kotisoli.

SWALI: Natumia vidonge vya kupanga uzazi na kotisoli imetoka juu. Niogope? – Msomaji wa Kayole

JIBU: Pengine ni vidonge. Vile vya estrojeni huongeza protini inayobeba kotisoli kwa damu, namba inapanda na wewe uko sawa tu. Daktari anaweza kukuambia uviache kama wiki sita kabla ya kurudia, ama apime mate. Ukiviacha, panga njia nyingine kabla, usirudi hapa na swali tofauti.