Msiseme "chukulieni damu imeshafika": kwa wawezeshaji wapya

Wadogo zangu, juzi nilikaa nyuma ya ukumbi mmoja hapa Mtwara mjini nikiwaangalia mnavyoendesha mafunzo ya ushirikiano wa kada, yaani fani mbalimbali za afya. Madaktari mbele, wauguzi na wakunga katikati, mtu wa maabara mmoja karibu na mlango, dereva wa gari la wagonjwa nje chini ya mwembe. Slaidi zilikuwa safi. Lakini hadi chakula cha mchana hakuna kada iliyoiuliza kada nyingine swali hata moja. Nawapenda, na ndiyo maana nawaandikia kabla hamjapanda gari kwenda Newala.

1. Kukaa chumba kimoja siyo kujifunza pamoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unataka wanataaluma wa kada mbili au zaidi wajifunze kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao na pamoja na wenzao. Ninyi mnaishia kwenye hilo la mwisho, tena nusu yake. Gumu ni la katikati. Linamtaka daktari tarajali amsikilize mkunga aliyeanza kuzalisha yeye akiwa bado hajazaliwa, na mkunga huyo naye akubali kuambiwa na kijana wa stoo ya dawa kwamba oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi anayoitegemea, imeshaharibika.

Oksitosini inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Umeme wetu wa Kusini mnaujua. Mtu wa stoo ndiye anayejua friji ilizima saa ngapi na jenereta liliwashwa lini. Mkunga anachojua ni kwamba amechoma uniti 10 na mfuko wa uzazi haujakaza. Wasimamisheni hawa wawili mbele ya friji, wasome kipimajoto pamoja, halafu ninyi nyamazeni. Watafundishana wenyewe.

2. Zoezi la kuigiza dharura lifanyike wodini, kwa vifaa vya pale pale, na watu wa zamu ile ile.

3. "Chukulieni damu imeshafika." Sentensi hiyo niliisema mimi, na niliisema mara nyingi.

Nilikuwa naendesha zoezi la PPH, yaani mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, katika kituo kimoja cha huku kwetu. Timu ya leba ilikuwa nzuri mno. Mmoja anasugua mfuko wa uzazi, mwingine anaweka kanula ya pili, daktari anaagiza asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, gramu 1, kuna anayeandika muda. Tukifika kwenye kuomba damu ya kumwongezea mama, ili maabara wasisumbuliwe, nasema chukulieni imeshafika. Tunaendelea, tunamaliza, tunapiga makofi.

Kisha akaja mama wa kweli. Uzao wa pili, kajifungua vizuri, kondo limetoka, halafu damu ikaanza. Nilikuwa jengo la jirani, nikaitwa. Mikono ya wale watu ilifanya kila tulichofanyia mazoezi. Daktari akasema, "Sampuli iende maabara, tunataka damu." Alikiambia chumba kizima. Kila mmoja akasikia, kila mmoja akaamini mwenzake ameshatoka. Nami nilisikia, nikaamini hivyo hivyo. Muda ukaenda. Tulipoanza kuulizana damu iko wapi, mhudumu aliyekuwa akibadilisha mashuka akasema kwa sauti ndogo, "Dokta, kichupa si kile pale?"

Kilikuwa kwenye toroli, kifuniko cha zambarau, hakijaandikwa jina, kimeviringika hadi kwenye boksi la glovu. Mhudumu alikuwa amekiona zamani. Alidhani kuna sababu ya kukiacha, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ana ruhusa ya kuuliza. Kijana wa maabara alikuwepo zamu, ameketi, hana habari yoyote.

Mama alipona, lakini kizazi kilitolewa. Alikuwa na miaka 22. Nilimwona mume wake kwenye benchi la nje, ameshika beseni la nguo za mtoto, akielezwa na mkunga mdogo kuliko wote pale.

Sikumwona mzembe katika chumba kile. Tulichokifanyia mazoezi kilikwenda sawa. Sehemu niliyoijaza kwa maneno yangu ndiyo iliyobaki wazi siku ya kweli.

Siku hizi kwenye zoezi kichupa kinatoka chumbani kweli. Kina jina, kinabebwa na mtu aliyeitwa kwa jina lake na kurudia agizo kwa sauti, kinagonga dirisha la maabara, na saa inahesabiwa mpaka jibu lirudi. Tulipofanya hivyo mahali pengine usiku, tukakuta mlango wa maabara umefungwa na funguo anazo mlinzi. Mlinzi akaingizwa kwenye zoezi, na alilifanya vizuri kuliko wengi.

Wanaoona haya ni mambo madogo wausome utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania. Ukijumlisha akina mama waliopoteza damu nyingi sana, waliopasuliwa tumbo kwa sababu hiyo na waliofariki, walipungua kwa asilimia 60. Dawa ni hizi hizi tulizozizoea. Waliipima damu kwa mfuko wenye alama badala ya kukadiria kwa macho, kisha wakaanza hatua zote kwa mkupuo bila kusubiri moja ishindwe. Hilo haliwezekani kwa mtu mmoja, hata awe bingwa.

4. Kwenye mjadala baada ya zoezi, mhudumu aanze na daktari amalizie. Ukimpa mganga mfawidhi neno la kwanza, mjadala umefungwa. Huku kwetu mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu, na heshima hiyo siitaki ife, ndiyo maana huwapa maneno ya kutumia: "Dokta, nina wasiwasi," na jibu lake, "Asante, umeona nini?" Wafanyeni wayaseme yote mawili kwa sauti, hasa hilo jibu. Wakubwa ndio wanaohitaji mazoezi zaidi, jamani, na wakishazoea wanalipenda.

5. Msiwaite watoa huduma ngazi ya jamii msimu wa korosho.

6. Rufaa ni kazi ya timu pia. Kupiga 115, namba ya dharura ya usafiri wa akina mama na watoto wachanga, ni mwanzo tu. Dereva aambiwe amembeba mgonjwa wa namna gani, na hospitali inayopokea ijue kabla gari halijawashwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar upande wa Kilwa, maswali ya njia ipi inapitika hayakuwa ya daktari. Dereva apewe kiti, na apewe swali la kujibu.

Newala mnaanza Jumatatu. Mpigieni mkuu wa maabara leo, msingoje Jumapili usiku, na mwombeni mtu wake wa zamu ya usiku, siyo yule anayetumwa kila semina.