Re: Mtoto anagaragara dukani mpaka apewe pipi

Mambo dada, pole. Umesema mwanao wa miaka 3 mkipita dukani kwa Mangi anajigaragaza anataka pipi, ukikaza siku mbili ndo anazidi. Cheki kwanza siku ya tatu unafanyaje. Wangu alikuwa hivyohivyo huku Tandika, nakaza weee halafu watu wakianza kuangalia natoa mia, kumbe ndo namfundisha alie zaidi. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliona hilo kwa panya na njiwa, zawadi ya mara mojamoja ndo inafanya tabia ing'ang'anie. Kwa hiyo kaza moja kwa moja, bibi yake na dada wa kazi nao wakaze, mwanzoni kelele zitapanda, usitoe. Akipita kimya msifie palepale, mpe abebe mkate.